Mataruma ya Chaki ya Nyapara Oduor

Nyinyi mlioachiwa funguo za holi mmeniomba niandike jinsi nilivyofanya kazi, eti msije mkapotea. Mtapotea tu. Mimi nilipotea, na holi lenyewe lina mlango wa mbele na wa nyuma basi. Lakini nimeketi. Mjukuu wangu Kageha amenipa kalamu yake ya shule na kuahidi kwamba hatacheka mwandiko wangu. Mimi niliishia darasa la nne, yeye anashika nambari ya kwanza kila muhula, na hilo nimelisema mapema ili nisilisahau mbele. Haya, kazi.

Nilipandishwa lini na nililipwa nini siandiki. Hayana utamu, na mengine bado yananichoma.

Siku ya kwanza nilipokelewa na Mzee Kamau, mtunza holi wa zamani, mtu mfupi mwenye mdomo mrefu. Alinipa ufagio, akaniangalia kidogo, akasema, "Mama, unafagia kama unafukuza kuku." Akauchukua, akanionyesha: polepole, kutoka ukutani kuja katikati, vumbi lisiruke likarudi kukaa palepale. Alinifundisha pia kusoma viti. Ukifungua asubuhi ukakuta viti vimepinduka, jana kulikuwa na siasa. Vikiwa vimesukumwa ukutani, kulikuwa na dansi. Vikiwa vimepangwa safu, na vikombe vichafu vimesahauliwa chini yake, kulikuwa na matanga. Matanga yalikuwa mengi kuliko vyote. Kaloleni hapa Nairobi ni mtaa wa watu wa reli na wa kaunsil ya jiji, watu waliokuja mjini na sanduku moja, na wengi wao wakifa hawazikwi hapa. Kamati inakaa holini, mwenyekiti anachaguliwa, nyimbo zinaimbwa, mwili unapangiwa safari ya kwao. Lishikeni hilo la matanga, maana ndilo lililotuletea kituko.

Mzee Kamau akastaafu, funguo zikabaki kiunoni mwangu. Miaka ya sabini ikielekea kwisha, akaja Sista Muthoni. Alikuwa nesi wa kunyoosha watu viungo, mwembamba, na alitembea kama mtu aliyechelewa hata akienda chooni.

"Mama Jumba," akaniambia, "nataka holi Alhamisi asubuhi. Nina wagonjwa wanaotetemeka."

"Wanatetemeka kwa baridi au kwa pombe?"

"Hivyo ndivyo kila mtu anavyowauliza, ndiyo maana wanajificha. Ni ugonjwa unaoitwa Pakinsoni. Uko kichwani, lakini si wazimu. Kichwa kinatoa amri, miguu inaipata imechelewa. Mwili unakuwa mgumu, sauti inafifia, uso unaacha kucheka hata moyo ukicheka. Hauambukizi, mtu hajalogwa, na hauponi."

"Sasa kama hauponi, wanakuja kufanya nini?"

"Wanakuja wasikae."

Jibu hilo nililipenda. Nikampa Alhamisi.

Kitu cha kwanza alichokipiga marufuku ni nta yangu. Nilikuwa naing'arisha ile sakafu mpaka unajiona meno. Sista aliweka mguu mmoja tu, akateleza hadi jukwaani. Alipoinuka alikung'uta sketi, akasema, "Nta, mwisho leo." Vifaa vyetu vilikuwa hivi: miti ya fagio zilizokufa, mpira wa matambara nilioushona mwenyewe, debe la kupigia mdundo, na viti visivyo na mikono. Viti vya mikono mviweke mbali. Mtu akiona pa kushika atashika, na akishika hasimami kwa nguvu za mapaja yake.

Kazi yenyewe msiidharau. Kusimama na kukaa, mikono imekunjwa kifuani. Kurusha mpira, kuudaka. Kutembea mkitupa mikono kama askari wa gwaride. Kukunja sura na kuikunjua: leo tunakasirika, sasa tunashangaa, sasa tumeonja ndimu. Alikuwepo fundi cherehani wa Bahati ambaye mkono wake ulitetemeka hadi wateja wakamkimbia, na mama mmoja wa Makongeni ambaye majirani walimwona ana maringo kwa sababu uso wake haukuwajibu. Yule mama alipofaulu kuonja ndimu ya uongo hadi jicho likafumba, darasa zima lilimpigia makofi. Akalia. Kulia nako tukakuhesabu kuwa zoezi.

Sasa nije kwa Oduor. Alikuwa nyapara wa genge la reli, mtu wa miraba minne. Kazi ya genge ni kuinua reli kwa mitaimbo, wote kwa pamoja, na nyapara ndiye anayeita. Akiita "Shika!" wanashika, akiita "Inua!" chuma kinatoka chini. Watu walisema sauti ya Oduor ilikuwa ikisikika kabla yeye mwenyewe hajaonekana. Alipostaafu, ugonjwa ukamkuta. Sauti ikawa ya mtu anayeongea ndani ya blanketi. Miguu ikaanza kuganda, na ilipenda kuganda mlangoni. Chumbani anatembea vizuri, akifika kizingitini nyayo zinashika sakafu kama zimepigiliwa misumari. Mkewe, Mama Achieng', alikuwa akimvuta, akimsukuma, akimwombea. Wakati mwingine mzee alikuwa akishinda ndani juma zima kwa sababu ya kipande cha mbao kisichozidi unene wa kidole.

Ezra, mdogo wake Oduor, akaja kutoka kwao Ugenya. Nilikuwepo nyumbani kwao siku hiyo, nimeletewa chai. Ezra hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa wa kusema neno kama anapiga muhuri.

"Shemeji, nimekuja kumchukua. Mtu mgonjwa anafanya nini Nairobi?"

"Anafanya mazoezi," akasema Mama Achieng'.

"Mazoezi ya nini? Mlangoni hatoki! Nyumbani atakaa kivulini, watu watamwona."

"Atakaa. Ndilo neno lenyewe hilo. Atakaa, na akikaa amekwisha."

Ezra alimwangalia kaka yake. Uso wa Oduor ulikuwa kama ukuta. "Namaliza kuvuna, kisha narudi," Ezra akasema. "Nikikuta anatoka mlangoni kwa miguu yake mwenyewe, bila kusukumwa, nitamwacha. La sivyo naenda naye."

Ezra alipotoka nje, Oduor alinivuta kanga. Ilinibidi niinamishe sikio. "Mama Jumba," akanong'ona, "kule hakuna Alhamisi."

Hayo ndiyo yaliyokuwa mbele yetu. Mlango, basi. Wengine wanapanda milima.

Tulimleta kwa mkokoteni wa Mwangi, mbeba viazi. Mwangi hakuwa na maneno laini. "Mama, huyu ni gunia na nusu," alikuwa akiniambia, na Oduor anasikia. Lakini alimshusha kwa uangalifu ambao viazi havikuupata. Juma baada ya juma tukahangaika na miguu. Kisha asubuhi moja jua liliingia kwa dirisha la mashariki, nondo za dirisha zikaangusha vivuli vyake sakafuni, mistari imelala mmoja baada ya mwingine. Oduor alikuwa ameganda katikati ya holi. Akaiona. Akainua mguu, akauweka juu ya mstari. Akainua mwingine, mstari wa pili. Akaenda, moja kwa moja, hadi vivuli vikaisha, na pale vilipoisha akasimama tuli.

Sista alikuwa amefunika mdomo kwa mkono. "Nyapara, umeona nini?"

"Mataruma," akasema.

Kwa msiojua reli, mataruma ni yale mapande ya mbao au chuma yanayolala chini yake kama ngazi, na mtu wa genge maisha yake yote anatembea akiyakanyaga. Miguu ya Oduor ilikuwa imesahau sakafu, mataruma haikuyasahau. Jua halikungoja, lilihama. Sista akatoa chaki mkobani, tukapiga magoti wote wawili, tukachora mataruma kutoka jukwaani hadi mlangoni. Kuanzia hapo kila Alhamisi nilichora upya, maana dansi za Jumamosi ziliyafuta. Chora nene. Chora upana wa hatua ya mtu, si wa kwako.

Oduor alitembea juu yake kama kijana. Hadi mlangoni. Mlangoni akaganda. Tukachora na nje, akaganda vilevile. Kizingiti kilikuwa kimeishinda chaki.

Lingine lililotuponza ni nyimbo. Sista alikuwa mtu wa kanisa, na kwa maoni yake watu wa polepole walitaka nyimbo za polepole. Akatuimbisha nyimbo za kuagana, zile za kwenda ng'ambo ya mto. Nilimwambia, "Sista, hizi zinawalaza." Akasema zinatuliza neva. Zilituliza kweli, fundi cherehani alikuwa akisinzia na mti wa fagio mkononi.

Sasa ikaja Alhamisi ya manyunyu. Mama Achieng' hakutaka mumewe alowe, akamlaza ndani ya mkokoteni, akamfunika blanketi hadi juu ya kichwa. Mwangi naye, kwa adabu ambayo sijui aliitoa wapi siku hiyo, alivua kofia yake akampa mzee ashike chini ya blanketi isilowe. Kwa hivyo mtaa wote uliona nini? Uliona Mwangi, kichwa wazi kwenye mvua, anasukuma polepole mtu aliyefunikwa, na Mama Achieng' nyuma, leso kichwani, kimya. Wanaelekea holini. Na holini, saa nne ya asubuhi, siku ya kazi, kuna wimbo wa kuagana.

Tulikuwa tumemweka Oduor kwenye kiti mbele, tunaanza ubeti wa pili, tukasikia nduru. Mlango ukafunguka kwa kishindo. Akaingia Mama Loice, ambaye hakuna matanga ya Kaloleni yaliyokamilika bila yeye, na kwa haki alikuwa fundi. Nyuma yake wanawake na kuni, wanaume na masufuria, huko veranda wengine tayari wanachagua mwenyekiti wa kamati. Mama Loice akajitupa sakafuni, akavingirika juu ya mataruma yangu, akakomea mbele ya kiti cha Oduor.

"Oduor yawa! Umetuacha na nani!" Akainua macho. Oduor alikuwa anamtazama, uso mgumu, hapepesi. "Mungu wangu! Wamemketisha! Hata macho hawakumfumba!"

"Mama, simama, huyu ni mzima," Sista akasema.

"Sista, usinifundishe! Mimi nimeona wafu wengi kuliko wewe!"

Wengine wakaanza kulia upya kwa sababu ya yale macho. Mama Achieng' alikuwa anasema yuko hai, yuko hai, na wanawake wanamkumbatia: ndiyo, mama, yuko hai mbinguni. Mimi niliona midomo ya Oduor inachezacheza. Sista naye aliona. Akapiga magoti mbele yake, akamshika magoti.

"Nyapara, hawakusikii. Uliita genge zima kwenye upepo wa mbuga ya Athi. Ita!"

Kifua cha Oduor kikajaa. Kikajaa tena.

"Shikaaa!"

Nyinyi hamjasikia sauti hiyo. Madirisha yalitikisika. Darasa zima, watu wagonjwa, wakashika viti vyao.

"Inuaaa!"

Wakasimama wote. Na Mama Loice akaruka kutoka sakafuni akawa wima bila kutumia mikono, zoezi ambalo Sista alikuwa analihangaikia miezi. Akakimbia hadi mlangoni, masufuria yakaanguka, Mwangi akaketi chini akicheka mpaka akashikwa na kwikwi. Uso wa Oduor haukucheka. Mabega yake ndiyo yaliyocheka, na machozi yakamtiririka.

Ilichukua muda watu kutulia. Kuni zilikuwa zimeshaletwa, tukapika chai. Pale veranda alisimama Mzee Shiundu, aliyekuwa ndio kwanza amechaguliwa mwenyekiti wa mazishi, na ilionekana wazi kwamba hapendi kupoteza cheo alichokaa nacho kwa dakika chache tu.

"Sasa kamati ifanye nini?" akauliza. "Tumeshachaguliwa."

"Ivunjwe," mtu akasema.

Mama Achieng' akaweka kikombe chini. Alikuwa mpole yule mama, hatukuzoea kumsikia. "Mlikuwa tayari kumbeba mume wangu hadi Ugenya akiwa maiti," akasema. "Mnashindwa kumleta hapa Alhamisi akiwa hai?"

Mzee Shiundu akakohoa, akasema kwa sauti ya mkutano, "Kamati inaendelea."

Nayo ikaendelea, miaka. Wanaodhani msaada huu kwa wagonjwa ulianzia ofisini waje waniulize mimi. Waliokuja kulia ndio waliokuja kuimba, lakini si za kuagana tena. Zile Sista alizizika siku hiyohiyo. Tukachukua wimbo wa genge, Oduor akiita, sisi tukiitikia na debe. Wanaume wa kamati walipeana zamu za kuwaleta wagonjwa, na Mwangi akawa mkali kwa yeyote aliyesukuma vibaya. Wanawake walikwenda kukaa na wagonjwa nyumbani ili wake zao waende sokoni wapate kupumua. Mama Loice akashika zoezi la kukunja sura. Alilia, alicheka, alishangaa, hakuna mwalimu aliyempita.

Ila jambo moja lilisahauliwa. Siku ile ya manyunyu, kabla hawajaingia holini, mtu mmoja mwenye bidii alikuwa amekwenda posta kupiga simu ya maandishi hadi Ugenya. Ya kuwaambia kwao kwamba Oduor amekufa. Ya kuwaambia kwamba hakufa, hakuna aliyeipiga.

Alhamisi iliyofuata tuko katikati ya mazoezi, tukasikia gari, halafu vilio. Nikachungulia. Gari limefungwa matawi mabichi ya msiba mbele na nyuma, na Ezra anashuka, macho yamevimba, ameacha mahindi yake shambani. Alikuja moja kwa moja holini kwa sababu kila mtu anajua matanga ya Kaloleni hukaa wapi.

Mama Achieng' alinishika mkono, kucha zikaniingia. "Mama Jumba, ni leo."

Sista alitaka kutoka amweleze. Oduor akamzuia kwa mti wa fagio. Alikuwa amesimama kwenye taruma la kwanza. Akaanza kutembea, chaki hadi chaki, mikono inatupwa. Debe likakoma, sijui nani aliliacha. Akafika mlangoni. Akaganda.

Nje Ezra alikuwa amesimama chini ya ngazi, mdomo wazi. Miguu ya Oduor ilitetemeka kwa namna ile ninayoijua, ya kutaka kwenda na kukatazwa. Mwangi alijongea nyuma yake, nikamvuta shati. Bila kusukumwa, Ezra alisema. Mzee alitazama kizingiti. Akakitazama muda mrefu, kama mtu anayekadiria uzito wa chuma.

"Shika," akasema, si kwa nguvu.

Darasa likaitikia, "Shika!"

"Inua!"

Mguu ukainuka, mrefu, kama anavuka reli nzima, ukatua veranda. Wa pili ukaufuata. Alitoka. Akaenda hadi ukingo wa ngazi, akampa mdogo wake mkono.

"Ezra. Umekuja kunichukua?"

"Nimekuja kukuzika," Ezra akasema.

"Basi umewahi mno. Ingia unywe chai."

Ezra alikaa ngazini akalia kuliko mtu yeyote wa gari lile. Kisha akaingia, akanywa chai, akapewa mti wa fagio kama wengine. Mama Loice alimwambia ana mgongo mgumu kuliko wagonjwa. Jioni akarudi Ugenya na matawi yake, kaka yake akabaki.

Sista Muthoni alihamishwa baadaye, akaniachia chaki na maagizo. Mimi niliendelea hadi mlipozichukua funguo. Mzee Kamau aliniona mara moja nikiongoza mazoezi, akasema bado nafagia kama nafukuza kuku. Nilifurahi.

Na Oduor? Alikaa nasi miaka ambayo Ezra hakuitegemea. Miaka ya mwisho alitembea kidogo, kisha akaita tu akiwa kitini, lakini Alhamisi hakukosa. Siku habari zilipokuja kwamba amefariki kweli, mtaa ulikataa kuamini. Hakuna aliyepiga nduru. Mzee Shiundu alisema kamati haiwezi kuaibika mara mbili, nikatumwa mimi nikahakikishe. Nikaingia kwa Mama Achieng', akanipisha kitandani. Niliinama sikioni mwa mzee.

"Shika, Nyapara."

Nikangoja aseme inua. Hakusema. Nikatoka nikawaambia wawashe moto.

Tulimuaga holini kabla ya safari ya kwao. Nilichora mataruma asubuhi ile kutoka jukwaani hadi mlangoni, mazito kuliko siku zote. Watu wa genge lake la zamani, wazee sasa, ndio waliombeba, wakikanyaga chaki hadi chaki, na walipofika kizingitini hawakupunguza mwendo. Darasa liliita, wao wakaitikia, Nyapara akapita mlangoni bila kukwama.

Siku hiyo sikufagia. Alhamisi wenzake walikuja, wakayakuta mataruma yake, wakayakanyaga yaleyale. Chaki ziko ndani ya kopo la kahawa nyuma ya mlango.